Kichupa Kinachopumua

Bweni letu zima lina mafua. Ndiyo miezi yake hii: ukungu unashuka kutoka mlimani tangu asubuhi, na nguo zilizofuliwa jana zinakaa kambani mbichi mpaka kesho. Jana baada ya chakula cha mchana, msichana wa kitanda cha jirani alifungua sanduku lake, akatoa kichupa cheupe cha plastiki, akarudisha kichwa nyuma na kukibinya ndani ya tundu la pua. Pss. Kisha upande wa pili. Harufu ikanifikia pale nilipokaa, kali, ya baridi, kama majani ya mkaratusi yaliyopondwa juu ya bati.

"We naye," akaniambia, "umezibwa mpaka unasoma mdomo wazi. Shika, upulize."

Nikatikisa kichwa. Akanisogezea karibu zaidi. Nikainuka, nikatoka nje, nikaenda kusimama karibu na tangi la maji, na nyuma yangu nikawasikia wakicheka. Wamenizoea. Mimi ni mtu wa kutoka chumbani kuliko kueleza. Lakini ninyi wa rika langu, ambao hamkuwako nyumbani kwetu, nitawaandikia, maana kwa mdomo sitaweza.

Kwetu ni upande wa mashariki wa Mlima Meru, juu ya shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Baba alikuwa karani wa ghala katika shamba hilo. Msimu wa kukoboa kahawa, vumbi la maganda lilijaa ghalani mpaka watu walitoka humo na kope nyeupe, na Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa humo humo na kalamu sikioni, pua ilimziba. Haikuwa mafua ya kuja na kupita. Alikula akiweka tonge chini ili avute pumzi. Alipotusomea Neno kabla ya kulala alisimama katikati ya mstari kama mtu aliyepotewa na njia, akahema, kisha akaendelea.

Ndipo siku moja akarudi kutoka mjini na kichupa. Alikinunua kwenye duka la dawa la Mhindi, na alituonyesha kabla hata hajavua kofia. Sisi tulijua chupa za kioo. Chupa inayobonyea tulikuwa hatujaiona. Ukikibinya kilibonyea na kutema ukungu mwembamba. Ukikiachia kilijaa tena chenyewe, na ukiweka sikio karibu ulisikia kikivuta hewa.

"Kinapumua," nikasema.

Baba akacheka. "Naam, kinapumua. Na mimi kinanigawia." Akamgeukia Mama. "Yule Mhindi ananiambia eti siku tatu tu, basi, niache. Nikiacha nitapumulia wapi, masikioni?"

Siku za mwanzo nyumba ilikuwa na raha. Baba aliimba sauti ya chini kanisani bila kukatika. Aliweza hata kusikia harufu ya ndizi zinazoungua na kumwita Mama kabla ya sisi kunusa chochote. Lakini ilikuwa raha ya muda mfupi. Alipuliza kabla ya uji, akapuliza tena akiwa mlangoni anavaa viatu. Mchana nikimpelekea chakula ghalani nilimkuta amegeukia ukutani, kichwa juu, na ile pss yake. Kichupa kikiisha alikuwa ameshanunua kingine. Alikiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, na katikati ya mazungumzo mkono ulikwenda wenyewe kuhakikisha kipo.

"Kichupa hicho kimekuoa," Mama alimwambia. "Mimi nimebaki mke mdogo."

"Wivu huo," Baba akajibu. Akacheka, kisha akahema kwa mdomo.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na sikumwambia mtu. Niliona kwamba kichupa kilimpa Baba pumzi kidogo, halafu kikiachiwa kilivuta, na kilichovuta kilikuwa kingi kuliko kilichotoa. Ndiyo sababu kila siku Baba alipungukiwa. Alipokiacha mezani sikukaa upande ulioelekea mdomo wa kichupa. Nilipolazimika kupita hapo nilifunga pua kwa vidole.

Mdogo wangu akazaliwa miezi hii hii ya baridi. Mama alikaa ndani kama desturi yetu ilivyo, karibu na moto, asifanye kazi, na Bibi, mama yake Baba, aliteremka kila siku kutoka kwake mgombani akileta maziwa na mtori wa ndizi na nyama. Nyumba ilijaa moshi. Mtoto alikuwa bado mwekundu, hajabatizwa, jina lake lilikuwa halijasemwa mbele ya watu, alipopata mafua.

Sijui kama mmewahi kuona kichanga kilichozibwa pua. Hakijui kupumua kwa mdomo. Wetu alishika ziwa, akavuta mara mbili, akaachia, akageuka rangi, akalia. Akashika tena. Alilia mpaka kilio kikawa cha kukwaruza. Bibi alikuwa na njia yake: alimlaza magotini, akaweka mdomo wake juu ya kile kipua, akavuta, akatema kwenye majivu. Mtoto akanyonya kidogo, kisha pua ikajaa upya.

Baba alitazama pembeni. "Mama, hayo mambo ya zamani."

"Na wewe nilikunyonya hivi hivi, karani," Bibi akasema, akijifuta mdomo. "Usione umevaa soksi."

Mama hakucheka. Alikuwa hajalala vya kutosha tangu mafua yaanze, na macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Nilimsikia akisema peke yake, akimtazama mtoto: "Alale tu. Hata kidogo. Alale tu."

Hapa inabidi nieleze habari ya maneno, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Nyumbani tulisema Kimeru. Kulala, kula, kuchapwa, kubembelezwa, yote yalikuwa kwa Kimeru. Kiswahili kilikuwa cha kanisani, cha shuleni, na cha Baba akiongea na wageni. Bibi hakwenda shule. Kiswahili chake chote alikipata kwenye benchi la kanisa. Na kanisani neno "amelala" lilikuwa na maana moja. Mwinjilisti alisimama mwisho wa ibada, akakunja mikono, akasema mzee fulani wa mtaa wa chini amelala, na kesho yake tulimfukia. Nilipokuwa mdogo zaidi nilimuuliza Bibi kwa nini hawakumwamsha. Alinijibu kwamba usingizi huo hauamshwi. Basi mimi nikaweka kichwani mwangu, nikaamini kabisa, kwamba kuna usingizi wa Kimeru, ambao mtu anaamka asubuhi na kudai uji, na kuna usingizi wa Kiswahili.

Siku moja mashine ya kukobolea iliharibika na Baba akarudi nyumbani mapema. Bibi alikuwa kwake akilima. Mimi nilikuwa uani nachambua maharage. Bwana Anaeli alikuwa amekuja kuchukua ndizi; huyu alikuwa Mchaga mwenye duka dogo njia panda na gari bovu la kubebea mizigo, rafiki wa Baba. Alikaa kwenye kigoda akingoja chai, na ndani mtoto alikuwa analia kile kilio cha kukwaruza.

"Bwana Karani," Anaeli akasema, "huyo ni mtoto au ni msumeno?"

"Ngoja," Baba akasema. Akainuka, akaingia ndani.

Nikasikia kilio. Nikasikia Mama akisema jambo kwa sauti ya usingizi, na Baba akimjibu kwamba ni kidogo tu, ni ya kufungua. Halafu, pss. Kukawa na kilio kikubwa cha kushtuka. Pss. Nikaacha mkono wangu ndani ya maharage. Pss, tena, na tena. Kilio kikapungua. Kikawa mguno. Kikaisha kabisa, si kama mtoto anayenyamazishwa, ila kama mtu amefunga mlango.

Baba akatoka akirudisha kichupa mfukoni, mkono wa pili ameshika birika la chai. Uso wake uling'aa. Anaeli alikuwa mgeni na ni mtu wa heshima, kwa hiyo Baba akaongea naye Kiswahili chake cha ofisini, kidole mdomoni:

"Amelala."

"Kweli?"

"Amelala kabisa. Hata pumzi husikii."

"Tumshukuru Mungu," Anaeli akasema, na akavua kofia. Leo najua aliivua kwa sababu chai ilikuwa imefika na alitaka kuomba. Siku ile niliona tu kofia imetoka kichwani.

Sikuuliza. Mimi hata wakati huo sikuwa mtu wa kuuliza. Nilipita nyuma ya nyumba, nikapanda mlima kati ya migomba, majani yenye maji yakinipiga usoni. Nilijua kilichotokea. Kichupa kilikuwa kimevuta. Baba ni mtu mkubwa, alikuwa na pumzi ya kuvutwa siku nyingi. Mtoto alikuwa na ngapi?

Bibi alikuwa ameinama na jembe. Nilimwambia kwa Kimeru kwamba Baba amesema kuhusu mtoto, na lile neno nililitoa kama lilivyo, kwa Kiswahili, maana la Kimeru lisingefaa: "Amelala."

Jembe likaanguka. Bibi akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu ninayemfahamu. Akateremka akikimbia, mimi nyuma yake, na kwenye kila kihamba tulichopita, kila nyumba na mgomba wake, mwanamke alitoka, akasikia, akafunga kanga kiunoni na kuongeza sauti yake. Tulipoingia uani kwetu tulikuwa kundi zima, wanawake wanalia, mbwa wanabweka, na Baba na Bwana Anaeli wamekaa na vikombe mikononi.

Baba akasimama. "Mama! Nani amekufa?"

"Unaniuliza mimi?" Bibi akalia. "Mwanao yuko wapi? Unakunywa chai!"

"Mtoto?" Kwa kuchanganyikiwa, na kwa sababu alikuwa bado kwenye Kiswahili cha Anaeli, Baba akapaza sauti: "Mtoto amelala tu!"

Yowe likapanda mara mbili.

"Jamani, jamani," Anaeli akasema, ameinua mikono, chai inamwagika. Baba akapiga kelele tena, safari hii kwa Kimeru, lile neno letu la kila siku la kitanda na blanketi. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Mmoja akaanza kucheka kwa pua. Mwingine akamfuata. Bibi akasimama katikati ya uwanja, kifua kinapanda na kushuka, akanitazama mimi, na nikaona mkono wake unatafuta fimbo.

Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amelala kweli, usingizi wa kuanguka, na alama ya mkeka ilikuwa shavuni. Mtoto alikuwa mkononi mwake. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Kelele zote hizi," akasema taratibu, "na hakuamka."

Kicheko kikakatika. Bibi akamfikia kwanza. Akamgusa mtoto paji la uso, akamgusa miguu. Akainua mkono wake mdogo na kuuachia, ukaanguka kama kitambaa. Alikuwa baridi, na jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alipumua, kisha hakupumua, na sisi sote tulingoja, na mimi nilibana pumzi yangu kana kwamba ingemfaa, kisha akapumua tena.

"Umempa nini?" Mama akamuuliza Baba.

Baba alikuwa na mkono kwenye mfuko wa shati.

"Nimekuuliza, umempa nini?"

"Dawa tu. Ile ya pua. Mimi naitumia kila siku, haijanidhuru."

Anaeli alikuwa ameshakimbilia gari lake. Mama aliingia mbele na mtoto, Bibi akajibana kando yake, na mimi nikajipenyeza kati ya magoti ya Bibi, hakuna aliyenikataza. Baba alipotaka kupanda, Bibi alivuta mlango.

"Wewe nyuma, na ndizi zako."

Akapanda nyuma. Niliweza kumwona kwenye kioo kidogo, ameshika mikungu, mdomo wazi, ukungu ukimpiga usoni. Barabara ya Moshi ilikuwa na matope na gari lilikwenda kwa kulegalega. Bibi alikuwa anamkung'uta mtoto nyayo kwa kidole, anamwita kwa Kimeru, wewe, wewe, kwa sababu hakuwa na jina la kumwita. Tulipokaribia daraja la Themi, kuingia mjini, pumzi zikawa za mbali sana. Nilimwona Bibi anahesabu jambo moyoni. Kisha akainama akachukua debe dogo lililokuwa miguuni pangu, akafungua, akatumbukiza mkono.

"Bibi, hayo ni ya rejeta!" Anaeli akasema.

"Maji ni maji. Wewe endesha." Akamgeukia Mama. "Jina."

Mama alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka lakini uso haukusogea.

"Jina, mwanangu. Asiende bila jina."

"Elibariki," Mama akasema.

Bibi akambatiza hapo, kwa maji yenye kutu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kwa Kiswahili, kile alichokijua vizuri kabisa bila kukosea hata neno. Maji yalikuwa baridi. Mtoto akakunja uso, akavuta hewa, akatoa sauti ndogo kama ya paka. Mama akamkumbatia. Kisha mtoto akazama tena kule kule alikokuwa.

Hospitalini walimchukua mikononi mwetu. Nesi alimuuliza Baba ni dawa gani, na Baba akatoa kichupa. Nesi akakisoma, akamtazama Baba viatuni, kwenye soksi, kwenye kalamu, akaenda nacho kwa daktari. Tuliambiwa baadaye kwamba dawa ile ni ya watu wazima, na kwa kichanga haiishii puani. Inalaza moyo, inalaza pumzi, na hakuna dawa ya kuifukuza. Ni kumpasha moto, kumsumbua asizame, na kungoja. Mama na Bibi walipokezana kumfinya nyayo. Mimi nilikaa chini ya benchi barazani.

Kutoka hapo chini nilimwona Baba. Saa zilipita na pua yake ikafunga. Ilifunga kuliko siku zote nilizomjua. Alihema kama mtu aliyebeba gunia. Alisimama, akakaa, akaenda mpaka mlango wa wodi akarudi. Mwanzoni nilidhani anamwangalia mtoto. Nikajongea, nikafuata macho yake. Mtoto alikuwa kushoto, kwenye kitanda na chupa za maji moto. Baba alikuwa anatazama kulia, kwenye meza ya nesi, palipokuwa na kile kichupa cheupe kimesimama kati ya makopo.

Kesho yake, jua lilipokuwa limeshapanda, Elibariki alilia. Kilio cha njaa, cha hasira, kile kilichotuchosha wiki nzima. Bibi akakaa chini sakafuni palepale na kucheka huku amefunika uso kwa kanga. Mama akamnyonyesha, na alinyonya kwa kusimama-simama, lakini alinyonya.

Walipoturuhusu, nesi alimpa Baba nguo za mtoto zilizofungwa, na juu yake kichupa.

"Hii ni mali yako, Karani. Mtoto asisogezewe tena. Na wewe iache. Ndiyo inayokuziba sasa, si vumbi. Utateseka siku chache, pua itafunguka yenyewe."

"Ndiyo, Sista," Baba akasema. "Nimekoma." Sauti yake ilikuwa ya kuzibwa kabisa, na machozi yalikuwa ya kweli. Niliyaona. Akasema anakwenda kumtafuta Anaeli, akapita nyuma ya jengo.

Tulimngoja kwenye ngazi. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Alitabasamu, akainama juu ya mtoto, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea.

"Mlete," akasema. "Umechoka. Nikubebee mpaka garini."

Mama hakumpa. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo la chumba cha pili. Baba alikuwa karibu naye sana, mdomo umefungwa. Na hakukuwa na sauti yoyote. Hewa ilikuwa inaingia puani mwake na kutoka, laini, kama ya mtu yeyote.

"Leo unapumua vizuri," Mama akasema.

Mikono ya Baba ilibaki hewani. Bibi akatazama mlima. Mama akageuka, akainama, na akamweka Elibariki mikononi mwangu mimi, akanionyesha pa kushika shingo. "Tembea taratibu," akaniambia. "Usimpe mtu."